Waandishi Tunao, Tunachowanyima ni Mazoezi

Kila tunapokutana kwenye kongamano la Kiswahili kuna sentensi moja ambayo haikosi msemaji. Husemwa na mhadhiri, na mhariri, na mwamuzi mstaafu wa tamasha la drama, tena husemwa kwa masikitiko ya kweli: vijana wa siku hizi hawaandiki tamthilia. Hapo hufuata tiba zilezile tatu. Waandaliwe warsha. Watangaziwe shindano. Wahimizwe kuandika kazi inayoweza kuteuliwa kutahiniwa shuleni. Tunaitikia kwa vichwa, tunakwenda kula, na mwaka unaofuata sentensi inarudi ilivyokuwa.

Nimeisikia kiasi cha kunitosha. Si kweli, na tiba zinazofuatana nayo zinapapasa mahali pasipouma. Vijana wanaandika. Wanachokosa ni mahali pa kumalizia walichoandika, na mahali hapo si kwenye meza ya mhariri wala ya mwamuzi. Ni kwenye chumba chenye waigizaji, ambamo mwandishi ameketi na penseli wiki baada ya wiki, akisikia maneno yake yakikwama vinywani mwa watu. Tamthilia huandikwa mara ya kwanza nyumbani na mara ya pili humo. Aliyenyimwa hiyo mara ya pili huishia kuchapisha rasimu, hata awe na kipaji cha namna gani.

Nianze na madai yenyewe. Anayesema vijana hawaandiki, nashangaa anapoliweka tamasha la drama la shule na vyuo vya Kenya, tamasha lenye zaidi ya miaka 60. Kila mwaka, kuanzia kaunti ndogo hadi eneo, na hatimaye taifa mnamo Aprili, shule hupanda jukwaani na michezo mipya kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nani huiandika? Mara nyingi ni mwalimu kijana aliyetoka chuoni juzi, au kijana asiye na ajira ambaye shule imemwita aandike na aelekeze kwa malipo ya mapatano. Hao ndio waandishi chipukizi wanaosemekana hawapo. Wapo, na wana uzoefu wa kuandika mchezo mzima kwa muhula mmoja, wakijua kwamba usipoishika hadhira dakika tano za mwanzo umekwisha.

Halafu Aprili inapita. Maleba yanarudishwa stoo, wanafunzi wanarudi madarasani, na mswada ambao ndio kwanza umeanza kupumua unawekwa kwenye faili. Mwaka ujao shule itataka mwingine.

Nitajibiwa kwamba hayo ndiyo mazoezi ninayoyadai. Kwa sehemu ni kweli, na sitalidharau tamasha lililowalea waigizaji na waelekezi wengi tulio nao. Lakini mwandishi wa tamasha anafanya kazi akiwa na mwamuzi kichwani. Anajua alama ziko wapi: kwenye mandhari inayogeuka kwa werevu, kwenye kwaya inayoingia kwa kishindo, kwenye ujumbe unaotamkwa waziwazi kabla ya pazia. Waigizaji wake ni watoto wa miaka 16 wanaotii. Hawamwambii kwamba mama mwenye watoto watano hasemi hivi. Na kazi yenyewe haina pengine pa kwenda. Mwaka 2025 wasichana wa shule ya Butere walifika kwenye tamasha kule Nakuru na Echoes of War ya Cleophas Malala wakiwa na amri ya Mahakama Kuu ya kuruhusiwa kucheza mkononi. Waliingizwa ukumbini bila mwelekezi wao na bila hadhira, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kucheza, huku nje polisi wakirusha gesi ya kutoa machozi. Nchi nzima ilitaka kuuona mchezo ule. Laiti tungekuwa na kumbi zinazopokea kazi mpya kwa kawaida, tungezungumzia ni ukumbi upi ungeufungulia milango wiki iliyofuata. Hatukuwa na la kuzungumza, kwa sababu nje ya tamasha hakukuwa na njia iliyozoeleka ya kuupitisha.

Tiba inayopendwa kuliko zote ni kitabu teule, setibuku kama wanafunzi wanavyokiita. Tufanye hesabu. Katika takriban miaka 20, mtihani wa KCSE wa sekondari za Kenya umepitia Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea, na Bembea ya Maisha ya Arege tena. Nafasi nne, waandishi watatu. Sina ugomvi na waandishi hao. Kazi zao zimewafanya maelfu ya watoto waisome tamthilia ambayo wasingeigusa. Lakini mlango unaofunguliwa mara moja katika miaka minne au mitano ili apite mtu mmoja hauwezi kuitwa fursa ya waandishi chipukizi wa nchi nzima. Tanzania nako, Ngoswe ya Edwin Semzaba, Kilio Chetu na Orodha zimefundishwa sekondari muda mrefu kiasi kwamba kifunguamimba na kitindamimba wa nyumba moja wamejibu maswali yaleyale.

Ubaya wa setibuku hauishii kwenye uchache. Unaingia ndani ya maandishi. Mswada ulioandikwa kwa jicho la mtihani unautambua kwenye ukurasa wa kwanza: nchi ya kubuni, kiongozi mlafi, mshauri mnafiki, mwanaharakati asiye na doa, na majina yanayomwambia msomaji tabia ya mhusika kabla hajafungua kinywa. Methali zimepangwa kila baada ya mistari michache, kwa kuwa mtahini atauliza mbinu za lugha. Maelekezo ya jukwaani yanaeleza hisia ambazo hakuna mwigizaji anayeweza kuzionyesha, kwa kuwa hayakuandikiwa mwigizaji. Yameandikiwa mwanafunzi atakayetaja sifa za mhusika. Na hakuna kimya. Kimya hakiulizwi kwenye mtihani, ilhali jukwaani ndicho wakati mwingine kinachowafanya watu waache kutafuna njugu.

Niliwahi kumpelekea mhariri mmoja mswada wa rafiki yangu. Aliniuliza kama una masuala mtambuko ya mtaala, kama lugha yake inafaa kidato cha tatu, na kama mwandishi yuko tayari kuandika na mwongozo wake. Yote ni maswali ya haki kwa mtu anayeuza vitabu. Hakuuliza kama umewahi kuchezwa.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu, maana hoja yangu yote imo humo. Niliketi kwenye mazoezi ya mchezo mpya wa kijana mmoja, katika ukumbi wa mtaa wenye madirisha mabovu na feni isiyozunguka. Ulihusu ndugu wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Katika tendo la kwanza mama yao anapepeta mchele huku akiwaeleza kwa nini nyumba haiuzwi. Kijana alikuwa amempa mama huyo maneno ya ukurasa mzima: historia ya kiwanja, wosia, methali tatu. Yalisomeka vizuri, mimi mwenyewe niliyasifu. Mwigizaji aliyepewa nafasi hiyo, mama wa makamo ambaye riziki yake ni kuuza samaki, alifika katikati, akauweka ungo chini.

"Mwanangu," akasema, "mimi nimefiwa na mume. Maneno yote haya sikuwa nayo."

Ukumbi ukanyamaza. Kijana akainamia karatasi zake, kisha akauliza, "Sasa ulisema nini, mama?"

Mama akafikiri. Akauokota ungo, akapepeta mara tatu, akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa. "Nyumba haiuzwi," akasema, akaendelea kupepeta.

Kijana aliukata ukurasa mzima palepale. Wiki iliyofuata alirudi akiwa ameipunguza na hotuba ya kaka mkubwa, bila kuambiwa na mtu. Usiku wa onyesho la kwanza watu walicheka mahali alipotaka wahuzunike, akaenda kurekebisha usiku uleule, na kesho yake hawakucheka. Katika wiki zile chache nilimwona akigeuka kutoka mtu anayeandika mazungumzo kuwa mtu anayeandika tamthilia. Kisha ikaisha. Mchezo ulichezwa mara mbili tu, ukumbi ukawa umekodiwa na wenye harusi, waigizaji wakarudi kwenye shughuli zao, na mswada ukarudi kwenye mkoba.

Nasimulia hili kwa sababu hakuna shindano ambalo lingempa kijana yule ungo ule. Shindano husoma karatasi na kuchagua zilizokwisha kukamilika, au zinazoonekana hivyo. Majaji watatu, kila mmoja nyumbani kwake, wangeupa alama za juu ukurasa uleule ambao mama muuza samaki aliukataa. Warsha nayo hudumu siku tatu hotelini, mwezeshaji akiwa na michoro ya mgogoro, kilele na usuluhisho, na mada imeshachaguliwa na mfadhili: mimba za mapema, amani wakati wa uchaguzi, tabianchi. Mwandishi anatoka na cheti. Sisemi mada hizo hazina uzito. Nasema anayeandika kwa mada ya mwenzake hujifunza kutii, na ataandika vizuri kadiri anavyotii.

Mahali mwandishi alipopewa waigizaji na siku za kutosha, kazi zilipatikana. Taasisi ya Sundance ya Marekani ilipowakusanya wanatamthilia wa Afrika Mashariki katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu, iliwapa hivyo viwili, na katika juhudi hizo likazaliwa pia tamasha la kimataifa la tamthilia la Kampala mwaka 2014. Afrika Kusini, Percy Mtwa na Mbongeni Ngema waliingia kwenye chumba cha mazoezi pamoja na Barney Simon wa Market Theatre wakiwa na wazo moja, wakatoka mwaka 1981 na Woza Albert!, mchezo wa waigizaji wawili uliozunguka dunia. Lakini programu za wageni huja na huondoka na bajeti zao, na wanaobahatika kuingia ni wachache. Inanihuzunisha kwamba tunazihesabu kuwa ndizo njia, wakati njia hii tuliwahi kuwa nayo wenyewe.

Henry Kuria aliandika Nakupenda Lakini akiwa mwanafunzi wa shule ya upili ya Alliance. Wenzake waliicheza kwanza. Kitabu kilifuata mwaka 1957. Jukwaa lilitangulia, matbaa ikafuata. Ebrahim Hussein alikuwa na miaka 26 Kinjeketile ilipotoka mwaka 1969. Penina Muhando alikuwa na miaka 24 ilipotoka Hatia mwaka 1972. Tunawataja leo kama wazee wa fasihi, tukisahau kwamba walikuwa vijana, na kwamba idara ya sanaa za maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwaweka hatua chache tu kutoka kwa waigizaji, waelekezi na hadhira. Tena Hussein hakuanza na Kinjeketile. Alikuwa ameshaandika Wakati Ukuta na Alikiona, kazi ndogo zaidi zilizomfundisha mkono. Tunamdai kijana wa leo Kinjeketile yake huku tumemnyima Wakati Ukuta wake.

Na kuna Kamiriithu, kijiji cha Limuru kilichojijengea ukumbi wake wa maonyesho. Tumezoea kuisimulia kama hadithi ya siasa na kifungo, na ni haki. Ngugi wa Thiong'o alikamatwa mkesha wa mwaka mpya wa 1978, na mwaka 1982 serikali ikaubomoa ukumbi ule. Ila mimi nikiwa mtu wa jukwaa nairudia kwa sababu nyingine. Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika muhtasari wa Ngaahika Ndeenda, wakaupeleka kijijini, na kijiji kikaukosoa. Wazee walirekebisha lugha, maana mzee hatamki mambo kama kijana aliyesoma anavyodhani. Waliokuwa na kumbukumbu za nyimbo na sherehe za zamani walizileta. Wafanyakazi wa viwandani na mashambani walileta mambo ya kazi na ya mshahara ambayo mwandishi hakuyajua. Mazoezi yalifanyika hadharani, watu wakisimama kutazama na kuingilia, huku wanakijiji wakijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Mchezo ulipofunguliwa Oktoba 1977 ulikuwa umeandikwa mara nyingi, na mwandishi mzoefu, mwenye riwaya kadhaa zilizosifiwa duniani, alikiri kwamba alikuwa mwanafunzi mle. Ikiwa Ngugi alihitaji miezi ya mazoezi na masikio ya wakulima wa Limuru, ni nani aliyetuambia kijana wa miaka 23 anahitaji cheti cha siku tatu?

Wenye kumbukumbu wataniambia kwamba kumbi hazijawahi kuwa rafiki wa kazi zetu. Ni kweli. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi na Micere Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, michezo iliyokuwa iiwakilishe Kenya kwenye tamasha la sanaa la FESTAC kule Lagos, ilipewa siku chache tu katika Ukumbi wa Kitaifa wa Nairobi, ikibanwa na burudani za kigeni. Siku hizi kinachombana mwandishi mpya ni kodi ya ukumbi. Anayekodi kwa usiku mmoja lazima arudishe fedha usiku huohuo, kwa hiyo anacheza vichekesho anavyojua vitauza, na sitamlaumu. Lakini kazi mpya haiwezi kukua kwa usiku mmoja.

Husemwa pia kwamba hadhira haipo. Basi wasemao hivyo waende shuleni wakati vikundi vya maigizo vinapopita na setibuku. Kumbi za kulia chakula hujaa, watoto wamelipa, waigizaji wanazunguka kaunti hadi kaunti na gari moja na sanduku la maleba. Watu wamo, na vikundi vimo, tena vina nidhamu ya kucheza popote penye sakafu. Kisichokuwamo ndani ya sanduku lile ni mchezo wa mwandishi ambaye hajulikani.

Hoja ya fedha ndiyo inayonikasirisha zaidi, kwa kuwa inatolewa na wanaoshika fedha. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Kumbi za kijamii zipo: Kaloleni na Pumwani jijini Nairobi, Tononoka kule Mombasa, na nyingine katika miji mingi, nyingi zikiwa zimefungwa kufuli Jumamosi asubuhi hadi pawe na harusi au mkutano wa siasa. Mwandishi mpya haombi jengo jipya. Anaomba ufunguo, nauli ya waigizaji sita, chai, na taa ikiwaka.

Ninachodai kina kipimo, na kipimo chake ni Jumamosi 12. Nane za mazoezi, mwandishi akiwapo muda wote. Ya tisa ya kuuonyesha mchezo kwa watu wa mtaa, bila kiingilio, ungali mbichi. Ya kumi ya kurekebisha kilichokataa. Ya kumi na moja ya kuuonyesha tena, kwa kiingilio. Ya kumi na mbili katika mji mwingine, mbele ya watu wasiomjua mwandishi wala mama yake. Mada asipangiwe. Mswada ubaki mali yake. Baada ya hapo mhariri na aje, na shindano na lije, na hata jopo la kuteua setibuku na lije, maana litakuta kazi iliyokwisha kupita vinywani.

Michezo mingi itakayotoka hivyo itakuwa mibaya. Najua, na sitaki kuificha. Kati ya kumi, saba pengine haitachezwa tena. Lakini mwandishi wa mchezo wa saba mbaya atakuwa amekaa Jumamosi 12 akiwasikiliza watu, na mchezo wake wa pili hautakuwa kama wa kwanza. Wanamuziki wetu tunawaruhusu kupiga vibaya kwenye vilabu vidogo miaka mitano kabla hatujawaita wasanii. Wachezaji mpira tunawaruhusu kupoteza mechi za mtaa. Mwandishi wa tamthilia peke yake ndiye tunayemtaka atokee amekamilika, halafu asipotokea tunatangaza kwamba kizazi chake hakiandiki.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza Julai Mosi, na kabla yake wananchi huitwa kutoa maoni juu ya makadirio. Mara nyingi tunaohudhuria ni wa barabara, wa maji na wa zahanati, nasi watu wa sanaa tunabaki nyumbani tukilalamika. Safari hii nitakwenda, na nawaomba waandishi na waigizaji wa kaunti nyingine waende kwao. Nitakuwa na karatasi moja yenye jina la ukumbi, idadi ya Jumamosi, na gharama ya nauli. Wakiniuliza nataka kuanza na mswada gani, nitautaja ule wa ungo na mchele. Bado haujapata mwisho wake. Ule uliopo, mama yule ameshasema, haumkai kinywani.